Paipu Haichunguliwi

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Shikamoo dada. Nimepata nafasi ya uzamili, nitapima umri wa matuta ya mchanga jangwani. Nianzie wapi?" Marahaba mdogo wangu. Anzia kwenye aibu yangu.

Mwaka wangu wa kwanza wa uzamivu nilipelekwa Oman, kwenye mchanga wa Sharqiya, ule ambao wengi bado wanauita Wahiba. Dereva wetu, mzee aliyezaliwa Unguja, alinicheka: "Umeacha mchanga wa kwenu pwani, umekuja kuchimba huu?" Ili kupata mchanga wa kupima, paipu ya chuma unaigonga kwa nyundo kwenye ukuta wa shimo mpaka ijae, kisha unaiziba ncha zote mbili chini ya turubai jeusi. Siku ya nne, turubai limeshapeperuka, nikaona nitazame rangi ya mchanga. Nikaumimina kwenye sahani juani, nikaurudisha, nikaziba. Nikafanya hivyo kwa paipu tatu. Sikumwambia mtu.

Chembe za kwatsi, madini yaliyo mengi mchangani, zikifukiwa gizani, mionzi ya urani, thoriamu na potasiamu iliyomo mchangani huziwekea nishati kidogo kidogo, miaka nenda miaka rudi. Maabara, chini ya taa nyekundu hafifu, huzimulika, nazo hung'aa: zilizofukiwa zamani hung'aa zaidi. Jua hufuta akiba hiyo ndani ya dakika moja.

Majibu yakaja: mchanga wa chini kabisa ni kama umefukiwa jana! Msimamizi wangu akaisambaza barua ya maabara idara nzima. Nililia chooni. Mwezi uliopita makala yangu kuhusu matuta yaleyale imekubaliwa, na ndiyo, nilimtumia nakala.

Basi sikilizeni ninyi mnaokimbilia majangwa. Msichungulie. Ukikosea, sema siku hiyohiyo. Zibeni paipu vizuri hata unyevu usitoke, maana maji yaliyo kati ya chembe hupunguza mionzi inayozifikia. Ukikisia unyevu vibaya, umri nao unapotoka. Na msichungulie.

Kosa la pili ni la wasomi, na linaniudhi kuliko langu: kupata umri wa tuta na kutangaza "hapo palikuwa na ukame". Umri unasema lini chembe zilifunikwa, basi. Sharqiya mchanga mwingi ulitoka baharini. Enzi ya barafu maji ya bahari yalishuka takriban mita 120, sakafu ya pwani ikabaki wazi, na upepo wa kusi ukasukuma bara mchanga uliochanganyika na vumbi la makombe. Kwa hiyo tuta linahitaji upepo na mahali pa kupata mchanga, si ukosefu wa mvua peke yake. Na pale ambapo umri unaruka miaka elfu kadhaa, usikimbilie kusema mvua ilinyesha. Huenda upepo ulishaufagia mchanga wa miaka hiyo.

Turubai, mdogo wangu, chukua mawili.