Re: Chai na maandazi asubuhi, saa nne nguvu zimekata
Pole sana kaka, umeuliza kwa nini ukinywa chai ya sukari na maandazi mawili saa nne unaishiwa nguvu na mizigo sokoni bado inakusubiri. Iko hivi, sukari na ngano nyeupe vinageuka glukosi fasta, yaani ile sukari mwili unayotumia kama nguvu, inapanda kwenye damu, insulini, homoni ya kongosho, inaisukuma kwenye misuli na ini, ikishuka tu njaa hiyo imerudi. Mimi huku Moshi asubuhi napiga kiburu, ndizi na maharage vimepondwa vizito mpaka mwiko unasimama, sasa yale maharage yana protini na nyuzinyuzi, wanga unaingia taratibu, aisee nafika saa saba niko vizuri. Weka na parachichi, lina mafuta, na mafuta yanatoa kilokalori 9 (kipimo cha nguvu ya chakula) kwa gramu, wanga 4 tu.