Wadogo zangu mafundi, chomoeni hiyo diski

Juzi nimepita duka moja la leso pale Biashara Street, Mombasa, nikamkuta kijana niliyemfunza mwenyewe kainamia kompyuta ya kaunta. Defender, ile antivairasi ya Windows, kaizima. Anaweka Office ya kraki, isiyolipiwa leseni. Na diski ya bakapu, ya kuwekea nakala za mafaili, iko nyuma ya mashine, imechomekwa, ina vumbi la tangu Ramadhani. "Hii hukaa hapa kila siku?" Akanijibu kwa furaha, "Ndiyo, fundi, ili bakapu isikatike." Nilitaka kulia. Haya, kaeni chini.

1. Msizime antivairasi ili programu iingie. Mgeni anayetaka mlinzi aondoke kwanza ndipo apite, huyo ni mgeni gani? Nayajua haya kwa kuwa mimi nilimfungulia.

Ilikuwa 2019, ofisi ndogo ya kutoa mizigo bandarini, si mbali na Moi Avenue. Mzee mwenye ofisi alikuwa mgumu kulipia leseni, nami nilikuwa na ile flashi ya "dawa", yaani programu ya kuvunja leseni, ambayo kila fundi anayo na hakuna anayeikiri. Dawa ya zamani ikakataa. Nikapakua mpya, nikazima antivairasi, nikabofya. Kikatokea kidirisha cha Windows Update, asilimia zinapanda polepole. Nikasema vizuri, wacha ijisasishe. Nikatoka kunywa kahawa chungu na kashata. Wallahi, nilikunywa vikombe viwili.

Kurudi, kila faili mwisho wa jina lake lina mkia wa herufi nne nisizozijua, na kila folda ina ujumbe, _readme.txt. Wanadai dola 980 ndipo wayafungue mafaili, ukiwahi ndani ya saa 72, nusu bei, 490. Kile kidirisha kilikuwa cha bandia, kazi yake kukutuliza huku mafaili yanafungwa nyuma ya pazia. Na bado sikuogopa, maana nilikuwa na bakapu! Nikafungua diski ya nje. Mkia uleule. Kwa kirusi, diski iliyochomekwa ni folda nyingine tu, na mimi ndiye niliyeamuru isichomolewe kamwe. Niliwabandikia hata karatasi: USIGUSE.

Mzee alikataa kulipa, akasema mwizi hampi nauli. Hakunifokea. Laiti angefoka. Alinivutia kiti, akafungua kabati la mafaili ya karatasi, akasema, "Haya mwanangu, anza." Wiki tatu nachapa invoisi moja moja, bila malipo, na makarani wakipita nyuma yangu kuniuliza kama nitakunywa kahawa.

2. Bakapu: chomeka, nakili, chomoa, weka kabatini. Nakala nyingine ilale nje ya ofisi, na kila mwezi fungua faili mojawapo uone kama linafunguka. Wanaodhani haya ni mambo ya vibanda, Juni 2017 kirusi cha NotPetya kiliiangusha Maersk, kampuni ya meli, haohao ambao makontena yao mnayaona kila siku Kilindini. Seva zao za kusimamia akaunti za watumiaji zilifutika zote, ikabaki moja Ghana, kwa sababu stima ilikuwa imepotea huko na seva haikuwa mtandaoni. Stima kupotea! Na sisi huku kila ikikatika tunatukana.

3. Sasisheni Windows. WannaCry, kirusi kingine cha kufunga mafaili, cha Mei 2017, kilipita kwenye tundu la Windows ambalo Microsoft walikuwa wametoa kiraka chake tangu Machi.

4. Karani asifanye kazi kwa akaunti ya admin, ile yenye ruhusa zote za mashine. Hata akinuna. Hata bosi akinuna.

5. Onyesheni mikia ya mafaili, Windows huificha yenyewe, ndipo invoisi.pdf.exe inapita kama invoisi. Kuna dada wa hesabu kule Shimanzi hunipigia kila akipata kiambatisho asichokitarajia, mara nyingine mara tatu kwa siku. Vijana wangu humcheka. Mimi humpelekea mahamri, kwa sababu tangu nianze kuihudumia ofisi ile sijawahi kuitwa usiku.

Na wewe wa Biashara Street, diski iko kwangu, niliichomoa ukiwa chooni. Njoo uichukue Ijumaa baada ya swala. Tutarudi nayo dukani pamoja, utachomeka, utanakili, utachomoa, nami nimekaa hapo nakutazama. Ile flashi ya dawa njoo nayo pia.