Siga zote ladha moja? Nami nilikwama hapohapo

Mkuu, umesema umeshavuta siga (msokoto wa majani matupu ya tumbaku, si sigara) kama kumi za aina tofauti na zote umeona zina ladha moja: moshi. Unataka kujua sisi tunaotaja kahawa, ngozi, mbao na pilipili manga tunazitoa wapi, au tunajidai tu. Nitakujibu kwa urefu, maana swali hilo lilinikalia kichwani karibu miaka miwili kabla sijajua pa kulishikia.

Kwanza nikutoe hofu: nusu ya maneno hayo ni kujidai kweli. Mimi mwenyewe nimewahi kutamka mbele za watu kwamba siga fulani ina "karanga na asali kwa mbali", kumbe nilikuwa nimetoka kuyasoma maneno hayo kwa mtu mwingine asubuhi yake. Nusu iliyobaki ipo na inapatikana. Shida ni kwamba wewe unafanya nilichokuwa nafanya mimi. Leo unavuta hii, wiki ijayo ile ya nchi nyingine, unene mwingine, jani jingine, saa nyingine, tena pengine hujala. Vitu vyote vimebadilika kwa mpigo, halafu unaudai ulimi ukwambie kipi ni kipi. Haujui, nao hauna kosa.

Kilichonifungua ni siga mbili za kiwanda kimoja, mchanganyiko uleule wa majani, zikitofautiana umbo tu. Moja robusto, nyingine lancero. Unene wa siga hupimwa kwa sehemu za 64 za inchi, kwa hiyo ukiona imeandikwa 50 ujue kipenyo chake ni 50/64 ya inchi, karibu milimita 20. Robusto huwa 50 hivi kwa urefu wa inchi 5. Lancero ni fimbo nyembamba ya 38, urefu wa inchi 7 na nusu. Nilizivuta siku mbili mfululizo, saa ileile, baada ya mlo, na maji matupu pembeni. Robusto ilikuja laini, ya mviringo, kama mtu anayeongea taratibu. Lancero ilinikwaruza koo kwa namna ya kupendeza na kuacha utamu kwenye midomo. Majani yaleyale! Sababu ni kwamba kwenye siga nyembamba jani la nje linachukua sehemu kubwa zaidi ya kile kinachoungua. Kwenye nene, majani ya ndani ndiyo yenye sauti.

Hapo ndipo nikaanza kujali siga imeundwaje. Ndani kuna majani ya kujazia, yanashikwa na jani la kufungia, kisha juu kabisa jani la nje, ambalo ndilo zuri na la bei kuliko yote. Yale ya ndani hutajwa kwa majina ya Kihispania kulingana na yalipokaa kwenye mche. Volado hutoka chini na kazi yake kubwa ni kuungua vizuri. Seco ni ya katikati, huleta harufu. Ligero ni ya juu, yamepigwa jua zaidi, ni manene, yana mafuta na nguvu, na huungua polepole, ndiyo maana msokotaji huyapanga katikati ya siga. Ukiona moto wa siga yako unachongoka kama ncha ya penseli badala ya kuwa bapa, mara nyingi ni ligero hiyo inayobaki nyuma.

Na ligero haina masihara. Siku moja nilivuta siga ya Nicaragua, ya majani kutoka Estelí, bila kula tangu asubuhi. Nikafika nusu vizuri kabisa, najisifu. Dakika tano baadaye jasho jembamba, mikono baridi, dunia inazunguka, nikalala chali sakafuni nikihesabu pumzi. Hiyo ni nikotini, mkuu, nayo hupita kwenye ngozi ya ndani ya mdomo hata kama moshi huuvuti hadi kifuani. Wengi hulamba sukari wakifikia hapo. Mimi nilikunywa maji yenye vijiko viwili vya sukari na baada ya nusu saa nikaweza kusimama. Tangu siku hiyo kwenye daftari langu nguvu ina safu yake na ladha ina safu yake, kwa sababu siga inaweza kukuangusha huku ladha yake ni nyepesi kama karatasi, na nyingine ikajaa mdomo mzima bila kukugusa kichwa.

Kosa jingine la wengi, nami nikiwemo, ni kudhani jani jeusi maana yake siga kali. Maduro ni neno la Kihispania la "iliyoiva", na weusi ule unatokana zaidi na jinsi jani lilivyovundikwa. Majani hupangwa marundo makubwa, yanapata joto yenyewe ndani kwa ndani, yanapinduliwa na kupangwa upya, na amonia inatoka. Maduro huvundikwa muda mrefu zaidi, ndiyo maana mara nyingi inakuja na utamu wa kakao chungu. Jani linalostahimili mateso hayo lazima liwe nene, kama lile la Broadleaf la bonde la mto Connecticut kule Marekani, au la San Andrés, Mexico. Bonde hilohilo la Connecticut hutoa jani la namna nyingine kabisa, lililolimwa chini ya kivuli cha vitambaa, jembamba, la rangi ya maziwa na chai. Ecuador hulima jani la mtindo huo bila vitambaa, mawingu yanafanya kazi ya kivuli. Sasa tafuta kiwanda kinachotoa siga moja kwa jani hilo jepesi la kivuli la Connecticut na kwa maduro, ukubwa uleule. Zipo nyingi. Hata kama mchanganyiko wa ndani umeguswa kidogo, ukizivuta siku mbili zinazofuatana hutauliza tena kama tofauti ipo.

Kabla ya hapo lakini, angalia unavuta kwa kasi gani. Nilikuwa navuta kama mtu anayekimbizwa. Siga ikipata moto mwingi inakuwa chungu, na uchungu huo ni uleule kwa siga zote, ya Cuba, ya Honduras, ya Jamhuri ya Dominika, zote zinageuka kaa la moto. Nadhani "ladha moja" yako inaishi hapo. Pafu moja kwa dakika, au hata zaidi ya dakika, halafu iache ipumue. Shika mwili wake karibu na moto: ukihisi joto kali vidoleni, iweke chini. Ikizimika si aibu, kung'uta majivu uiwashe tena.

Halafu pua. Ulimi peke yake unajua tamu, chungu, chachu, chumvi na ule ukolezo wa mchuzi mzito. Mengine yote unayoyaita ladha ni kazi ya pua. Jaza mdomo moshi, toa sehemu kubwa nje, kisha kile kidogo kilichobaki kisukume taratibu kitokee puani, bila kukishusha mapafuni. Mara ya kwanza nilitoa machozi na kupiga chafya kama paka aliyenusa pilipili. Mara ya nne au ya tano hivi nikasikia mbao mbichi iliyopigwa randa, dhahiri kabisa, nikageuka kuangalia nyuma kama kuna fundi.

Sasa nije kwenye jambo lililoniumiza zaidi, unyevu. Nilinunua kisanduku cha kutunzia, kizuri, cha mbao ya mwerezi wa Kihispania (ambao kwa kweli si mwerezi, ni mti wa jamii ya mkangazi), na kipima unyevu cha duara mlangoni. Kikawa kinasoma 70, nami nimeridhika. Siga zangu zikawa zinabana, unavuta hadi mashavu yanaingia ndani, zinazimika, zinaungua upande mmoja, zina uchachu. Miezi minane nilizisingizia siga na kuzikatia majina mabaya kwenye daftari. Siku moja ndipo nikafanya jaribio la chumvi. Unachukua kizibo cha chupa, unakijaza chumvi ya mezani, unadondoshea matone ya maji mpaka iwe kama mchanga uliolowa, isiyeyuke. Unakitumbukiza pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na kuuacha siku nzima. Chumvi iliyolowa hivyo hulazimisha hewa ya humo ikae kwenye asilimia 75. Nilipofungua, changu kilisoma 68. Yaani kila kilipokuwa kinaniambia 70, siga zangu zilikuwa zimekaa kwenye 77, zinaogelea! Nilichana kurasa zote za miezi ile. Siku hizi natumia vifuko vya kurekebisha unyevu vya asilimia 65, na kile kipimo cha duara nimekiacha kama pambo. Joto nalo lisizidi sana nyuzi 20, kwa sababu mayai ya fukusi wa tumbaku yanasubiri joto, na ukikuta tundu dogo la mviringo kwenye siga moja, nyingine usiziamini.

Na siga iliyotoka safarini usiivute siku hiyohiyo. Ilaze wiki mbili tatu. Ikinuka kama mkojo mkali, hiyo ni amonia, bado mbichi, ilaze zaidi.

Kuhusu Cuba, maana najua swali linakuja: ni nzuri, majani ya Vuelta Abajo kule Pinar del Río yana tabia yake ambayo ukishaijua unaitambua. Ila jihadhari na majina mapacha. Serikali ya Cuba ilitaifisha viwanda mwaka 1960, Marekani ikafunga biashara mwaka 1962, na majina yakaishia kugawanyika. Kuna Montecristo, Partagás na Romeo y Julieta za Cuba, na kuna zenye majina hayohayo zinazotengenezwa Jamhuri ya Dominika kwa soko la Marekani. Cohiba vilevile. Si bandia, ni bidhaa mbili tofauti zenye jina moja, kwa hiyo mtu akikwambia "Montecristo haina kitu" muulize kwanza ipi. Bandia zenyewe ziko tele upande wa Cuba. Sanduku lenye kifuniko cha kioo, hata lipendeze vipi, liache hapohapo lilipo.

Mtihani wangu mkubwa ulikuwa huu. Nilimwomba rafiki yangu asiyevuta kabisa anichagulie siga tano kwenye kisanduku, azivue pete za karatasi, azifungie namba. Nikavuta moja kwa siku, naandika mwanzo, katikati na mwisho, kisha alama kati ya 1 na 10. Nikamwambia pia, na hili ndilo ninalokusihi usiliache, atie siga moja mara mbili bila kunijulisha ni ipi. Nilijiamini sana. Matokeo: ile niliyokuwa naitunza kwa ajili ya sikukuu ilipata 5. Ya bei ya chini kuliko zote ikapata 8, nikaiandikia "ya Cuba bila shaka", kumbe ya Honduras. Na zile pacha? Namba 2 niliipa 6, "kavu, haina pumzi". Namba 4 niliipa 9 na mstari mzima wa sifa.

Nilipotulia nikaangalia tarehe. Namba 2 niliivuta jioni ya siku niliyogombana na mtu, nimekunywa kahawa vikombe vitatu. Ndiyo maana siku hizi siga moja haipati hukumu kwangu kabla sijaivuta mara tatu, na tathmini ya mtu aliyevuta moja tu naisoma kama hadithi.

Kwa maneno yenyewe, usiazime ya kwetu. Daftari langu lina "godoro jipya", "sanduku la nguo lililofungwa muda mrefu", "mvua ya kwanza kwenye vumbi", "penseli niliyoitafuna shuleni". Hakuna atakayeyaandika kwenye tangazo, ila mimi nikiyasoma mwaka mmoja baadaye siga yote inanirudia mdomoni.

Jambo moja sitalipaka mafuta. Kutovuta hadi mapafuni hakuifanyi siga kuwa salama. Saratani ya mdomo, koo na umio inawahusu wavuta siga, na siga moja kubwa inaweza kubeba tumbaku inayokaribia pakiti nzima ya sigara. Mimi navuta mbili kwa mwezi, uvutaji wa kulinganisha hauhitaji zaidi ya hapo, na kama ungekuwa hujaanza nisingekushawishi.

Basi mwezi huu fanya hivi tu: pata siga mbili za mchanganyiko mmoja, moja ya jani jepesi na moja maduro, zilaze wiki tatu kwenye 65, zivute siku mbili zinazofuatana baada ya kula, polepole. Ukikata, kata kofia tu, yaani kile kipande cha jani kinachofunika ncha ya kutia mdomoni, usishuke begani pale ncha inapoanza kunyooka, jani litafunguka lote. Halafu rudi uniambie kama bado ni moshi mtupu. Ile karatasi yenye namba 2 na namba 4 nimeibandika ndani ya kifuniko cha kisanduku changu, naiona kila ninapofungua.