Ukiletewa sarafu ya dhahabu yenye duma, usiifute

Juzi msomaji mmoja kaniandikia kwamba ameletewa ile sarafu ya dhahabu ya shilingi 1,500 ya mwaka 1974, yenye Mwalimu Nyerere upande mmoja na duma upande wa pili. Anauliza, ailipie bei ya dhahabu tu? Inategemea, ndugu yangu.

Yangu niliinunua kwa mzee mmoja mstaafu hapa Dar es Salaam. Sonara alishaipima: gramu 33.4, dhahabu asilimia 90, akamtajia bei ya kuyeyusha. Mimi sikuanza na mizani. Niliomba tusogee dirishani, nikaishika ukingoni kwa vidole viwili, nikaigeuza taratibu. Uwanja wake, yaani sehemu tupu isiyo na picha, uling'aa kama kioo hadi nikaona kidole changu ndani yake, na duma ametulia juu yake bila kung'aa, kama kapakwa ukungu. Nikajua hiyo ni prufu, sarafu iliyotengenezwa kwa uangalifu zaidi kwa ajili ya wakusanyaji: muhuri wa kupigia sarafu husuguliwa mpaka ung'ae, kisha sarafu hupigwa zaidi ya mara moja. Nikampa mzee zaidi ya alichotajiwa. Nyumbani nilisemwa sana. "Si ungenunua bangili?" Maneno hayo bado yananiuma.

Duma yule hakuwekwa kwa urembo. Sarafu hizo zilitolewa kwa ajili ya hifadhi ya wanyamapori, pamoja na mbili za fedha: twiga wa shilingi 25 na faru wa shilingi 50. Na sura ya Mwalimu inastahili kuwapo, maana mwaka 1961, kabla hata ya Uhuru, ndiye aliyetoa Tamko la Arusha la kulinda wanyamapori (wengi hulichanganya na Azimio la 1967). Jamani, tutayeyusha historia yetu wenyewe mpaka lini? Wageni wanaitunza, sisi tunaipeleka kwa sonara! Tupende vya kwetu.

Kwa hiyo usiifute. Hata kitambaa laini huacha michirizi myembamba kwenye kile kioo, na haiondoki. Narudia, usiifute, wala usikubali muuzaji aifute mbele yako ili "ing'ae". Ulizia kisanduku na cheti chake. Pima pia kipenyo, ni milimita 34. Ukiona imeshasuguliwa, lipa bei ya dhahabu, usiongeze hata shilingi.