Nilitazama ngoma ya pepo kwa jirani: je, swala zangu zimepotea?

SWALI: Sheikh, assalaam alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Mumias, na sasa nafundisha shule moja upande wa Siaya ambako Waislamu ni wachache. Juzi jirani yangu Mjaluo alimletea mamake ajuoga, yaani mganga wao, kwa kuwa ilisemekana mama ana juogi, yaani pepo. Ngoma na manyanga vilianza adhuhuri. Mama akacheza hata akapandisha, akaanguka, leso ikamfunguka. Sijapata kuona jambo kama hilo. Nilisimama penye ua nikitazama mpaka magharibi, nikarekodi kwa simu na kuwatumia walimu wenzangu. Je, nimeingia katika shirki, na swala zangu za siku arobaini hazikubaliwi?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad.

Hadithi ya siku arobaini, iliyopokewa na Imam Muslim, inamhusu mtu anayemwendea mpiga ramli akamwuliza jambo. Wewe hukuuliza wala hukusadiki, kwa hiyo haikuhusu, na kutazama peke yake hakukukutoa katika Uislamu. Lakini nimesoma swali lako mara mbili nikiitafuta swala ya alasiri, sikuiona. Ikiwa ilikupita ukiwa pale penye ua, basi ilipe leo na utubie, kwani hiyo ndiyo swala ya kuihofia.

Si kila ngoma ya watu wengine ni haramu kuitazama. Wahabeshi walicheza kwa mikuki msikitini siku ya Idi, na Bibi Aisha akawatazama, Mtume (s.a.w.) akimsitiri, mpaka akatosheka mwenyewe. Ule, hata hivyo, ulikuwa mchezo. Uliouona wewe ni wito: pepo anaitwa kwa ngoma ili apande, aseme anachotaka, apewe. Katika Suratul Furqan, aya ya 72, Mwenyezi Mungu anawasifu waja wasioshuhudia uzushi, ambao wapitapo penye upuuzi hupita kwa heshima zao, na wako wafasiri wa mwanzo walioona kwamba makusudio ya uzushi huo ni sherehe za washirikina. Kwa hiyo kukutwa na ngoma njiani si kosa, bali kosa ni kuganda pale mchana kutwa baada ya kuelewa kinachofanyika. Wala tusiwacheke majirani zetu kwa hili, maana kupunga pepo kunajulikana sana huko pwani, katika miji yenye misikiti kila mtaa.

Jambo lililoniuma zaidi ni ile video. Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, alimwonyesha mwanafunzi wake Ataa mwanamke mweusi akamwambia kuwa ni katika watu wa Peponi. Mwanamke huyo alikuwa akishikwa na kifafa, akamwendea Mtume amwombee, na alipokhiarishwa baina ya kusubiri aingie Peponi na kuombewa apone, alichagua kusubiri. Akaomba jambo moja tu, kwamba asifunuke anapoanguka, na Mtume akamwombea hilo. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Mama wa jirani yako naye alianguka na leso yake ikafunguka, asijitambue, na mkono ulioweza kumfunika ulikuwa umeshika simu. Kuwa yeye si Muislamu hakuiondoi haki yake ya kusitiriwa, kwa sababu jirani ana haki ya ujirani hata akiwa wa dini nyingine.

Ifute video hiyo, na umwombe kila uliyemtumia aifute, mmoja mmoja, kwa kinywa chako. Kisha nenda ukamjulie hali mama huyo mchana, pasipo ngoma, na umwombe mwanawe radhi ikiwa habari ya video imemfikia. Wakikualika siku nyingine, salimia, uliza hali ya mgonjwa, na ngoma ikianza uage kwa adabu pasipo kuyatukana wanayoyaamini, kama tulivyoamrishwa katika Suratul An'am, aya ya 108.

Wallahu a'lam.