Nyama si lazima kila siku, lakini pengo lake lazima lizibwe

Tangu nyumbani kwetu tulipopunguza nyama ikawa chakula cha mwisho wa wiki na cha sikukuu, swali ninaloulizwa mara kwa mara na ndugu, majirani na akina mama wenzangu sokoni hapa Tanga ni kama mwili wa binadamu unaweza kwenda bila nyama. Jibu langu, baada ya miaka ya kuipikia familia yenye mzee, watu wazima na watoto, ni kwamba mtu mzima mwenye afya hana haja ya kula nyama kila siku, na akipanga mlo wake vizuri anaweza hata kuiacha kabisa. Akipanga, narudia, kwa sababu anayeondoa nyama kwenye sahani na kuuacha ugali ukae na mchuzi wa nyanya peke yake hajabadilisha mlo, amepunguza chakula.

Kwetu mabadiliko yalianzia kwa mume wangu. Usiku mmoja kidole gumba cha mguu kilivimba kikawa hakigusiki hata na shuka, na vipimo vikaonyesha kwamba asidi ya yuriki imepanda: ni gauti, maradhi ambayo wengine huyaita jongo. Daktari alimwandikia dawa na kumshauri apunguze nyama nyekundu, maini, figo, utumbo na pombe. Majirani kwa upande wao walimwambia aache na maharage pia, na ushauri huo nimeusikia mara nyingi mno tangu siku hizo. Ningependa kuanza na jambo hilo, maana mgonjwa aliyeacha nyama akaambiwa aache na maharage anabaki na nini cha kujenga mwili? Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004, uliowafuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12, uliona kwamba waliokula nyama na vyakula vya baharini kwa wingi ndio waliopata gauti zaidi, ilhali wale waliokula kwa wingi mboga na mikunde yenye purini, vitu ambavyo mwili huvigeuza kuwa asidi ya yuriki, hawakuonekana kuwa na hatari kubwa kuliko wenzao. Mume wangu aliendelea kula choroko, mbaazi na maharage bila wasiwasi. Alichopunguza ni nyama, na pia dagaa, kwa kuwa dagaa nao wana purini nyingi, jambo ambalo wengi hulisahau wanapokimbilia samaki wadogo kama mbadala. Kila mgonjwa na asikilize anavyoelekezwa na daktari wake, lakini asikatazwe maharage kwa maneno ya barazani.

Hofu ya kwanza ya watu ni nguvu na ujenzi wa mwili, yaani protini. Hesabu yake si ngumu. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 60 anahitaji kama gramu 50 za protini kwa siku. Robo kilo ya unga wa mahindi inatoa karibu gramu 20, kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kinatoa karibu 15, yai moja linatoa 6 na konzi ndogo ya karanga inatoa 7 hivi. Ukijumlisha utaona kwamba umeshafika au umekaribia sana, bila kipande hata kimoja cha nyama. Ni kweli kwamba protini ya nafaka peke yake ina upungufu, kwani mahindi na mchele vina lisini kidogo, na lisini ni moja ya vijenzi vya protini. Lakini mikunde ina lisini nyingi, na kile ambacho mikunde inapungukiwa, yaani kijenzi kingine kiitwacho methionini, nafaka zinacho. Mama mkwe wangu aliyekulia katika milima ya Usambara hakufundishwa majina hayo na mtu yeyote, ila alilelewa kwa makande, na makande ni jibu kamili la tatizo hilo ndani ya chungu kimoja. Wali kwa maharage, ugali kwa kunde, chapati kwa dengu, mbaazi za nazi kwa mahamri asubuhi: babu zetu na bibi zetu walikwishapanga, nasi tumevirithi vyakula hivyo huku tukividharau kama vyakula vya asiye na uwezo.

Kwa hiyo protini hainisumbui sana. Kinachohitaji uangalifu zaidi, na kinachozungumzwa kidogo zaidi, ni madini ya chuma. Chuma kilicho ndani ya nyama hufyonzwa na mwili kwa urahisi. Kilicho ndani ya maharage, mchicha au matembele hufyonzwa kwa shida, na hutegemea sana kile ulichokula pamoja nacho. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa anahitaji chuma zaidi ya mara mbili ya kile anachohitaji mwanamume, kwa sababu kila mwezi anapoteza damu. Binti yangu alipovunja ungo nilianza kulitazama jambo hili kwa jicho kali kuliko zamani, na nikabadilisha vitu viwili mezani petu.

Cha kwanza ni chai. Katika nyumba nyingi chai ya rangi hunywewa pamoja na chakula, na wengine humalizia nayo mlo wa usiku wa maharage. Majani ya chai, kama ilivyo kahawa, yana vitu vinavyokishika chuma cha mimea na kukizuia kisifyonzwe, hata mtu akala sahani nzuri ya maharage na mboga za majani akapata sehemu ndogo tu ya kilichomo. Kwetu chai sasa inanywewa walau saa moja baada ya chakula, au kabla yake kwa muda kama huo. Cha pili ni ndimu. Vitamini C hufanya kinyume cha chai, yaani hukisaidia chuma cha mimea kuingia mwilini. Kwa hiyo hakuna sahani ya mikunde inayowekwa mezani bila kipande cha ndimu, kachumbari, embe bichi lililokatwakatwa, au pera na chungwa la kumalizia. Havina gharama kubwa, na nawasihi akina mama wenye mabinti waanze na hivyo hata kama hawana nia ya kupunguza nyama. Binti anayechoka ovyo, anayesikia kizunguzungu na ambaye viganja vyake vimepauka apelekwe kituo cha afya akapimwe wingi wa damu. Asitibiwe kwa juisi ya rosela peke yake.

Vitamini B12 haina mbadala shambani. Haimo katika maharage, haimo katika mboga za majani, haimo katika karanga. Inapatikana katika nyama, samaki, mayai na maziwa, na mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku. Ini huweka akiba yake, na ndiyo sababu aliyeacha vyote hivyo anaweza kukaa mwaka mmoja au miwili akijiona mzima kabisa, kisha ganzi ya miguu, usahaulifu na upungufu wa damu vikaja baadaye, na mishipa ya fahamu iliyoharibika huenda isirudi kama ilivyokuwa. Anayekula mayai mara kwa mara, akinywa maziwa au mtindi na kupata samaki au dagaa, hana haja ya kuogopa. Anayekusudia kuacha kila kitu cha mnyama, iwe kwa imani au kwa kuwahurumia wanyama, anapaswa kutumia vidonge vya B12 au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo, na hili silisemi kwa kusitasita.

Kuhusu watoto wadogo, msimamo wangu ni mkali zaidi. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo, naye hawezi kula maharage ya kutosha kumpatia chuma na zinki anavyohitaji. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 unataka mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate chakula cha asili ya wanyama kila siku, iwe nyama, samaki au yai. Katika nyumba yenye nyama kidogo, kidogo hicho kiende kwanza kwa mtoto na kwa mama mjamzito, ilhali kwa mazoea yetu kinakwenda kwanza kwa baba. Mazoea haya yananiuma. Kipande cha ini kilichopondwa ndani ya viazi vya mtoto kina kazi kubwa kuliko vipande vinne kwenye sahani ya mtu mzima ambaye mwili wake umeshajengeka. Dagaa waliooshwa mchanga vizuri, wakakaushwa na kusagwa, huingia kwenye uji bila mtoto kukataa. Katika unga wa lishe, karanga na mahindi vichambuliwe punje kwa punje, na zenye ukungu zitupwe, wala kuku asilishwe punje hizo: mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliyokuwa katika mahindi, na karanga hushikwa na ukungu huo huo.

Wapo wanaoniuliza upande wa pili, yaani kama nyama ina madhara. Nyama kidogo ya kuchemsha haijamdhuru mtu mzima mwenye afya. Lakini mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliziweka nyama zilizosindikwa, kama soseji na bekoni, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na ikakadiria kwamba gramu 50 za nyama hizo kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Nyama nyekundu ya kawaida iliwekwa katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha. Soseji ya kila asubuhi inayoonekana siku hizi kama dalili ya maisha mazuri ndiyo ningeiondoa kabla ya kitu kingine chochote.

Utafiti ulionigusa zaidi ni wa hapa nyumbani. Mwaka 2025 watafiti wa hospitali ya rufaa ya KCMC iliyoko Moshi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi walichapisha matokeo ya jaribio la wanaume 77 wa kaskazini mwa Tanzania. Waliozoea chakula cha asili cha Kilimanjaro, chenye mboga za majani, mikunde, ndizi na nafaka zisizokobolewa, walipolishwa chakula cha mtindo wa Kimagharibi kwa wiki mbili tu, vipimo vya damu vilionyesha dalili za uvimbe wa ndani kwa ndani, ule unaokuja mwili unapojihami, na kinga ikalegea. Waliofanya kinyume chake, wakatoka mtindo wa mjini kurudi kwenye chakula cha asili, vipimo vyao vilikwenda upande mzuri. Wiki mbili ni muda mfupi mno, na bado mwili ulibadilika kiasi hicho. Ninapowaona vijana wetu wakitoka shule na chipsi kwenye mfuko wa plastiki, ndilo jambo ninalolikumbuka.

Hata hivyo hakuna hoja ya kitabibu itakayoifanya familia ile maharage yasiyo na ladha, na hapa ndipo watu wengi wanaposhindwa. Nyama inajipikia yenyewe, chumvi na ndimu vinatosha. Mikunde inataka mkono. Maharage nayaloweka usiku kucha, asubuhi namwaga maji yale na kuyachemsha kwa maji mapya; gesi tumboni hupungua, na mkaa nao unabaki. Maharage mekundu lazima yatokote sawasawa, yasiishie kupashwa moto mdogo, kwani yakiwa nusu mbichi huumiza tumbo. Choroko nazichemsha mpaka zipasuke, ndipo natia tui jepesi pamoja na kitunguu, nyanya, hoho na bizari, na tui zito linaingia mwishoni kabisa huku nikikoroga polepole ili lisikatike. Kisamvu kinatwangwa kinuni, kinachemshwa muda mrefu chungu kikiwa wazi ili sumu ya muhogo itoke, kisha kinapikwa na kunde na nazi. Siku ya kisamvu cha namna hiyo hakuna anayeuliza nyama iko wapi.

Kizuizi kilichobaki ni heshima. Mama mkwe, pamoja na mapenzi yake kwa makande, aliniambia mapema, “Mwanangu, nyie wenyewe kuleni mnavyotaka, lakini mgeni asitoke hapa akasema alilishwa maharage.” Nilimjibu, “Nimekusikia mama,” na mpaka leo mgeni anachinjiwa kuku, na Idi tunakula nyama na kuigawa kama ilivyoamriwa. Sioni sababu ya kugombana na wazee kwa jambo ambalo halitokei kila siku. Mwili unaangalia unachokula Jumatatu hadi Alhamisi.

Anayetaka kuanza na aanze na chakula cha usiku, siku tatu za wiki, kwa mikunde ambayo familia yake inaipenda tayari. Ini au samaki kwa watoto abakize, mayai na maziwa yaendelee, na ndimu ikae mezani. Mwenye ugonjwa wa figo, mwenye kisukari anayetumia dawa, mjamzito na mzee aliyekonda wazungumze kwanza na mtaalamu wa lishe wa hospitali, kwa kuwa kiasi cha protini kinachomfaa jirani huenda kisiwafae wao.