Maswali ya Wasomaji: Nimpe mtoto mafuta ya hisopo?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mwalimu. Mwanangu ana miaka 7, ana kifafa na anatumia dawa za hospitali. Kuna mtu kaniuzia mafuta ya Biblia, kichupa cha hisopo na kingine kimeandikwa mafuta ya Musa, akasema nimpe matone ya hisopo kwenye maji maana Daudi alisafishwa nayo, na dawa niache kwa imani. Nifanyeje? Mama, Morogoro.

JIBU: Amina mama, pole sana na kuuguza. Hiyo hisopo usimpe hata tone moja. Mafuta ya hisopo ya dukani, yanayotolewa kwenye mmea unaoitwa hisopo, yana kemikali inaitwa pinokamfoni ambayo inaleta degedege, hata mtu mzima asiye na kifafa akiyanywa yanaweza kumwangusha, sembuse mtoto ambaye tayari anaanguka.

Halafu wataalamu wengi wanaona hisopo ya Biblia siyo hata mmea huo, ni ule wa jamii ya oregano unaoota kwenye mawe huko Palestina, Waarabu wanauita zaatari na wanaulia mkate. Sasa fungua Kutoka 12:22, wanachovya kitita cha hisopo kwenye damu ya mwanakondoo wanapaka milangoni, Walawi 14 kuhani anamnyunyizia nayo mwenye ukoma aliyepona, yaani ilikuwa ya kuchovya na kunyunyizia, hakuna sehemu mtu kainywa. Na Daudi kwenye Zaburi 51 analilia dhambi yake na Bathsheba, anayemsafisha ni Mungu. Mwanao hana dhambi ya Daudi mama, anaumwa.

Hayo ya Musa yako Kutoka 30, manemane shekeli 500 (shekeli ni kipimo cha uzito cha zamani), mdalasini 250, kane yaani matete yenye harufu nzuri 250, kida yaani gome linalofanana na mdalasini 500, na mafuta ya zeituni, yalikuwa ya kuwekea wakfu hema na makuhani, na mstari wa 33 unasema atakayetengeneza mfano wake akatiliwe mbali na watu wake. Inaniuma sana kuona yanauzwa kwa mama mwenye mgonjwa.

Ukitaka mtoto apakwe mafuta, Yakobo 5:14 inakuruhusu, waite wazee wa kanisa wampake zeituni ya kawaida kwenye paji waombe, na mstari wa 15 unasema ni kule kuomba kwa imani kutakakomwokoa mgonjwa. Hapo hapajasemwa acha dawa. Dawa za kifafa zikikatwa ghafla mtoto anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka, na hiyo inaua. Kama ulishampa hayo matone au ulishasimamisha dawa, mpeleke hospitali leo leo, na kichupa ukibebe daktari akione.